Ni figo, ni kinga ya mwili, au ni misuli ya nyonga?

Ukilalamika mbele ya watu kwamba mgongo unakuuma kwa chini, jibu la kwanza utakalopewa ni figo. Ukisema unaamka usiku mara tatu kukojoa, ni figo. Mkojo ukikutoka unapocheka, figo. Uso ukivimba asubuhi, figo tena. Na kila jibu huja na dawa yake: kunywa maji mengi, tafuta mizizi ya kusafisha figo, pandisha kinga. Huku nako habari za afya zinaleta mapya kila mara, dawa za kuchelewesha figo kufa, tiba ya seli kwa wenye lupasi (ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili), mazoezi ya nyonga kwa waliojifungua, na msomaji anabaki hajui lipi linamhusu.

Hapa kuna mambo matatu tofauti. La kwanza ni ugonjwa wa figo wenyewe. La pili ni magonjwa ya kinga ya mwili kujishambulia, ambayo mara nyingi huzipiga figo. La tatu ni udhaifu au mkazo wa misuli ya sakafu ya nyonga, ambao kwa kawaida hauzigusi figo kabisa ingawa dalili zake huonekana chooni vilevile. Kuyachanganya kunaumiza watu. Mwenye figo zinazoharibika kwa kawaida hasikii chochote, kwa hiyo hapimwi. Mwenye misuli dhaifu anasikia kila kitu, anapimwa figo, anaambiwa ni nzima, kisha anarudi nyumbani na nguo ya akiba kwenye mkoba kwa sababu hakuna aliyemuuliza swali la pili.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno

Figo ni viungo viwili vilivyo nyuma ya tumbo, kimoja kila upande wa uti wa mgongo, tena juu kuliko wengi wanavyodhani: sehemu yake ya juu imefunikwa na mbavu za mwisho. Hutoa taka kwa njia ya mkojo, lakini pia hupanga presha, huuchochea uboho utengeneze chembe nyekundu za damu, na huikamilisha vitamini D ili mwili uweze kuitumia kujenga mifupa. Ndiyo maana mtu ambaye figo zake zimefika mbali huishiwa damu na mifupa hudhoofika, mambo ambayo kwa harakaharaka huwezi kuyahusisha na mkojo.

Ugonjwa sugu wa figo ni hitilafu ya figo inayodumu kwa miezi 3 au zaidi. Muda huo una maana. Figo zinaweza kuzidiwa ghafla kwa sababu ya kuharisha sana, kupoteza damu, malaria kali au dawa fulani, kisha zikapona. Hata baadhi ya watu waliowekwa kwenye mashine ya kusafisha damu kwa sababu hiyo hutoka na kuishi bila mashine. Imani kwamba ukiingia kwenye mashine hutoki tena si kweli kwa kila mgonjwa, na inasikitisha pale inapomfanya mtu aikatae tiba ambayo pengine angeihitaji kwa wiki chache tu.

Mchochota ni ile hali ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto, kuwa nyekundu na kuuma, pale kinga inapopeleka askari wake mahali penye hatari. Kidole kilichochomwa na mwiba kikavimba kesho yake kina mchochota, na hiyo ni kinga inayofanya kazi yake vizuri. Ugonjwa wa kinga kujishambulia ni mchochota uleule, ila safari hii adui anayepigwa ni tishu za mwili wenyewe.

Sakafu ya nyonga ni misuli na tishu ngumu zilizotandazwa kuanzia mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma. Imebeba kibofu, kizazi kwa mwanamke, na sehemu ya mwisho ya utumbo, na ndiyo inayosaidia kubana njia ya mkojo na ya haja kubwa. Wanaume wanayo pia.

Wavu usiotakiwa kuchanika

Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni 1, kila kimoja kikiwa na mrija wake. Kichujio na mrija kwa pamoja huitwa nefroni. Kwa siku moja, figo zote mbili huchuja karibu lita 180 za majimaji ya damu. Mirija hurudisha mwilini karibu yote, na kinachobaki, lita 1 au 2 hivi, ndicho mkojo. Kichujio ni kama wavu wa mvuvi wenye macho madogo mno. Maji, chumvi na taka hupita. Chembe za damu na protini kubwa, hasa ile iitwayo albumini, hubaki ndani. Wavu ukichanika, vilivyopaswa kubaki vinatoroka.

Hapo ndipo ulipo msingi wa kuutambua ugonjwa huu, na si jambo geni. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, aliandika kuhusu wagonjwa waliovimba mwili. Aliuweka mkojo wao kwenye kijiko na kuushikilia juu ya mwali wa mshumaa. Mkojo wa mtu mzima wa afya ulibaki majimaji. Wao uliganda ukawa mweupe, kwa sababu albumini huganda ikipata moto. Baadhi ya wagonjwa walipofariki alizifungua figo zao na kuzikuta zimeharibika. Leo tuna kijiti cha kuchovya kinachobadilika rangi, na maabara inayopima albumini na kuilinganisha na kreatinini, taka ya misuli, iliyomo kwenye mkojo huohuo. Chini ya miligramu 30 za albumini kwa kila gramu 1 ya kreatinini ni kawaida. Zaidi ya 300 ni uvujaji mkubwa. Katikati ni onyo, na ni onyo la thamani sana, kwa sababu hapo mtu bado ana figo za kuokoa.

Kipimo cha pili ni cha damu. Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo zikichoka huongezeka ndani ya damu. Tatizo ni kwamba huongezeka kwa kuchelewa. Mtu anaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wa figo huku kreatinini yake ikisomeka ndani ya kiwango cha kawaida, hasa kama ni mzee au mwembamba mwenye misuli kidogo. Kwa hiyo maabara huichukua kreatinini, ikaongeza umri na jinsia, na kukadiria kasi ya uchujaji. Ukiona 90 au zaidi, na mkojo hauna kasoro, uko vizuri. Chini ya 60 kwa miezi 3 ni ugonjwa sugu. Chini ya 15 ndipo mazungumzo ya mashine au kupandikizwa figo yanakuwa ya karibu. Namba hiyo si asilimia kamili, ingawa wengi huisoma hivyo, na inaweza kupanda na kushuka kidogo bila jambo lolote baya. Mwenendo wa majibu kadhaa unaeleza zaidi kuliko jibu moja.

Kuna jambo kuhusu namba hii ambalo kila mtu mweusi anapaswa kulijua. Kwa miaka zaidi ya 20 fomula zilizotumika sana duniani zilizidisha jibu la mtu mweusi kwa sababu ya rangi yake tu: fomula ya mwaka 1999 kwa kama asilimia 18 hadi 21, na ile ya mwaka 2009 kwa kama asilimia 16. Kwenye karatasi, figo zake zilionekana zina nguvu kuliko za mwenzake mweupe mwenye kreatinini ileile, na kwa hiyo angeweza kuchelewa kupelekwa kwa mtaalamu au kuingizwa kwenye orodha ya kupandikizwa figo. Mwaka 2021 wataalamu wa figo wa Marekani walipendekeza fomula mpya isiyoangalia rangi. Kama majibu yako yana mistari miwili, mmoja wa weusi na mwingine wa wengine, uliza fomula iliyotumika.

Na mgongo je? Figo huweza kuuma, lakini kwa kawaida ni kwa sababu ya mawe yaliyoshuka kwenye mrija au maambukizi yaliyopanda juu, na hapo mtu hupata maumivu makali ya ubavuni, homa, kutapika au damu kwenye mkojo. Ugonjwa sugu wa kawaida hauumi. Maumivu ya kiuno yanayozidi ukiinama na kupungua ukijilaza mara nyingi ni ya misuli na maungio. Kinachosikitisha ni kwamba wanaoumwa mgongo hivyo hutumia vidonge kama diklofenaki na ibuprofeni kwa miezi, wakidhani wanatibu figo, ilhali dawa hizo hupunguza damu inayoingia kwenye figo na zinaweza kuziumiza kwelikweli, hasa kwa mwenye presha, kisukari au umri mkubwa.

Wanaouchana

Duniani kote, wachanaji wakubwa ni kisukari na presha. Sukari nyingi na msukumo mkubwa wa damu huubana wavu kutoka ndani mpaka macho yake yanapanuka na kuacha makovu. Kwa hiyo dawa zinazolinda figo ni zile zinazoshusha msukumo huo ndani ya kichujio chenyewe. Kundi la kwanza, ambalo kaptoprili ni mojawapo, lilithibitika kuwasaidia wenye kisukari cha aina ya kwanza mwaka 1993. Baada ya hapo na baada ya dawa ndugu zake za miaka ya 2000 ulipita muda mrefu bila habari njema kubwa.

Habari ilikuja kutoka kwenye dawa za kisukari zinazofanya mwili utoe sukari kwenye mkojo. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 uliwachukua watu 4,304 wenye ugonjwa sugu wa figo, wengine wakiwa hawana kisukari kabisa, ukawagawa kwa bahati nasibu: nusu dapagliflozini, nusu kidonge kisicho na dawa. Katika kundi lisilo na dawa, watu kama 14.5 kati ya kila 100 walifikia hali mbaya: figo kupoteza nusu ya nguvu zake, figo kufa kabisa, au kifo cha figo au moyo. Waliopewa dawa walikuwa kama 9.2 kati ya 100. Utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu tofauti ilikuwa dhahiri. Mwaka 2022 mwingine wa watu 6,609, uliojaribu empagliflozini kwa namna hiyohiyo, ukaleta jibu linalofanana, na mwaka 2024 semaglutaidi, sindano inayojulikana zaidi kwa kupunguza uzito, ikaonyesha kuzilinda figo za wenye kisukari cha aina ya pili.

Zingatia zinachofanya: zinachelewesha. Wavu uliokwisha kugeuka kovu haushoneki. Ndiyo maana nasisitiza kipimo cha mkojo kwa kila mwenye kisukari au presha, walau mara moja kwa mwaka, hata kama anajisikia mzima. Dawa nzuri iliyochelewa miaka 10 inabaki na kazi ndogo.

Mchanaji mwingine anarithiwa. Mwaka 2010 watafiti waligundua kwamba aina mbili za jeni iitwayo APOL1, ambazo chimbuko lake ni Afrika Magharibi, humwongezea hatari ya ugonjwa wa figo mtu aliyerithi nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Jeni hizo zilienea kwa sababu zinamlinda mtu dhidi ya vimelea fulani vya malale. Nakala moja hukinga, na kwa kiasi kikubwa haileti madhara ya figo. Wengi wenye nakala mbili pia hawaugui, kwa hiyo kuwa na jeni si hukumu. Dawa ya kuizuia protini ya jeni hiyo, inaksaplini, imeshajaribiwa kwa watu wachache na kupunguza uvujaji wa protini, nayo inaendelea kufuatiliwa kwenye majaribio makubwa zaidi.

Kinga inapougeukia mwili

Sasa tufike kwenye lile la pili. Kinga hutengeneza protini ziitwazo kingamwili, na kazi yake ni kumshika adui. Katika magonjwa ya kujishambulia, kingamwili hushika kitu cha mwilini. Figo zinapata shida ya pekee kwa sababu damu nyingi hupita humo: moyo huzipelekea karibu robo moja hadi moja ya tano ya damu yote inayosukumwa. Mafungu ya kingamwili na vitu vilivyoshikwa hunasa kwenye wavu, askari wa kinga wanafika, na mchochota unaanza palepale kwenye vichujio.

Lupasi ndiyo inayojulikana zaidi. Wagonjwa karibu 9 kati ya 10 ni wanawake, wengi wakiwa katika umri wa kuzaa. Maungio huuma, nywele hukatika, upele hutokea usoni ukizidishwa na jua, uchovu haupungui kwa usingizi. Kwa karibu nusu yao ugonjwa huingia kwenye figo, na mara nyingi huingia kimya: mtu anatibiwa maungio huku mkojo unapitisha protini na damu isiyoonekana kwa macho. Kila anayejua ana lupasi anapaswa kupimwa mkojo kila anapokwenda kliniki. Ni kipimo cha bei ndogo na cha dakika chache, na mimi sioni udhuru wa kukiruka.

Kwa nini wanawake? Homoni zina mchango, lakini mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha jambo la ndani zaidi. Mwanamke ana kromosomu X mbili, na katika kila seli moja huzimwa kwa kufunikwa na molekuli iitwayo Xist. Molekuli hiyo huvuta protini nyingi na kushikamana nazo, na kadhaa kati ya hizo ndizo zinazoshambuliwa katika magonjwa kama lupasi. Panya dume walipowekewa Xist kisha wakachochewa wapate ugonjwa unaofanana na lupasi, waliugua kwa kiwango cha kukaribia majike. Haimaanishi Xist peke yake inaleta lupasi; kila mwanamke anayo. Inamaanisha ushahidi umeanza kupatikana pale palipokuwa na kubahatisha.

Lupasi si peke yake. Mwaka 1968 Jean Berger, mchunguzi wa tishu huko Paris, pamoja na Nicole Hinglais, walieleza ugonjwa ambao kingamwili aina ya IgA hujikusanya kwenye vichujio. Dalili yake inayotambulika ni kijana anayeumwa koo leo, na kesho au keshokutwa mkojo wake unakuwa wa rangi ya kahawia kwa damu. Mwaka 2009 iligunduliwa kwamba wagonjwa wengi wa ugonjwa mmoja wa utando wa kichujio wana kingamwili dhidi ya protini moja mahususi, na leo kipimo cha damu cha kingamwili hiyo kinaweza kumwepusha mgonjwa na sindano ya kunyofoa kipande cha figo. Mwaka 2024 kikundi kilichoongozwa kutoka Hamburg, Ujerumani, kikakuta kingamwili dhidi ya nefrini, nyuzi hasa zinazounda macho ya wavu, kwa wengi wa watoto wanaovimba mwili mzima kwa kupoteza protini. Kwa miaka mingi wazazi wa watoto hao waliambiwa tu kwamba chanzo hakijulikani. Sasa angalau kwa wengi wao kuna jina la kutaja na kitu cha kupima.

Hapa kuna kosa la kawaida ambalo lazima lisemwe wazi. Mwenye ugonjwa wa kujishambulia hana upungufu wa kinga. Kinga yake ina nguvu, ila inaelekea pasipo. Kumpa vidonge vya kupandisha kinga ni kuongeza wapiganaji kwenye vita isiyotakiwa, na vipo vitu vinavyouzwa kwa jina hilo ambavyo vimehusishwa na lupasi kuamka. Dawa zake hufanya kinyume: zinaituliza kinga. Stiroidi huzima moto haraka lakini zikitumika sana huharibu mifupa, sukari na macho, hivyo madaktari wa siku hizi hujitahidi kuzishusha mapema. Haidroksiklorokwini, iliyotokana na dawa za malaria, hupunguza milipuko na ndiyo msingi wa tiba ya karibu kila mwenye lupasi. Juu yake huongezwa dawa nzito pale figo zinapoguswa.

Tiba ya seli iliyoandikwa sana imetokana na saratani. Seli za kinga huchukuliwa kwa mgonjwa, hubadilishwa maabara ziweze kuua seli zinazotengeneza kingamwili, kisha hurudishwa mwilini. Mwaka 2022 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, waliripoti wagonjwa 5 wa lupasi sugu waliopewa tiba hiyo, na baada ya miezi 3 wote walikuwa wametulia bila dawa. Ni matokeo ya kusisimua, lakini ni watu 5. Tiba ni ghali, inahitaji hospitali yenye uwezo mkubwa, na ina hatari zake. Anayekuambia lupasi imeshapata tiba ya kuponya anakimbilia mbele ya ushahidi.

Maji na mizizi

Hakuna ushauri unaotolewa kwa ukarimu kama huu wa maji. Mwenye mawe ya figo anafaidika kweli na maji mengi. Lakini kwa ugonjwa sugu, watafiti wa Kanada walifanya jaribio na kulichapisha mwaka 2018: watu 631, nusu wakihimizwa kuongeza lita 1 hadi 1.5 kwa siku kwa mwaka mzima. Figo zao zilishuka kwa kasi ileile ya wale wasiohimizwa. Maji hayasugui vichujio. Na mtu ambaye figo zake zimefika mwisho, akinywa lita 4 kwa siku kwa ushauri wa rafiki, anaweza kujaza mapafu yake maji.

Kuhusu mizizi, mfano mzito ni wa Ubelgiji. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wanawake waliokwenda kliniki moja kupunguza uzito walipewa vidonge vyenye mimea ya Kichina. Mmoja wa mimea hiyo ulikuwa na asidi ya aristolokiki. Zaidi ya wanawake 100 waliharibika figo, wengi wakaishia kwenye mashine au kupandikizwa, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Mmea kuwa wa asili hakuambii kitu kuhusu usalama wake kwa figo. Kama unatumia dawa ya mitishamba, mwambie daktari wako bila aibu. Anayekukaripia kwa kusema ukweli ndiye mwenye kosa.

Sakafu ambayo haizungumzwi

Mwanamke anayejifungua kwa njia ya kawaida, misuli ya sakafu yake hunyooka mpaka zaidi ya mara 3 ya urefu wake. Hakuna misuli nyingine mwilini inayodaiwa hivyo kwa saa chache. Mara nyingi hupona. Wakati mwingine hubaki imelegea au imechanika. Uzee, uzito mkubwa, kikohozi cha muda mrefu na kusukuma kwa nguvu mtu anapofunga choo navyo huongeza mzigo. Wanaume hukutana na tatizo hili hasa baada ya upasuaji wa tezi dume.

Uvujaji una sura mbili kuu, na ni muhimu kuzitenganisha. Ukivuja unapokohoa, kupiga chafya, kucheka au kunyanyua kitu, msukumo wa tumbo umeishinda misuli. Ukipata haja ya ghafla isiyosubiri, ukavuja kabla ya kufika chooni, kibofu chenyewe kinajikaza bila ruhusa. Wengi wana zote mbili. Kizazi au kibofu kikishuka, mtu huhisi uzito au uvimbe ukeni, hasa jioni baada ya kusimama sana.

Ushahidi wa mazoezi ni mzuri kuliko watu wanavyodhani. Arnold Kegel, daktari wa wanawake wa Marekani, aliyaeleza mwaka 1948. Mapitio ya tafiti 31 yaliyotolewa mwaka 2018 yalionyesha kwamba kati ya wanawake waliokuwa wakivuja wakikohoa, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi walisema wamepona, dhidi ya asilimia 6 ya wasiofanya. Dawa nyingi zinazosifiwa hazina tofauti kubwa hivyo.

Lakini yafanywe sawasawa. Kaza kana kwamba unazuia upepo usitoke nyuma na mkojo usitoke mbele kwa wakati mmoja, uvute kwa juu, ushikilie sekunde kadhaa, kisha uachie kabisa. Makalio na mapaja yatulie, pumzi iendelee. Kukaza walau mara 8, mara 3 kwa siku, kwa miezi 3 ndiyo kiwango kinachopendekezwa sana, tena chini ya mtaalamu wa fiziotherapia kama yupo, maana wengi wakiambiwa kwa maneno tu husukuma chini badala ya kuvuta juu. Kukata mkojo katikati kunaweza kukusaidia kuitambua misuli mara moja. Usikufanye kuwa zoezi, kibofu kitashindwa kumaliza mkojo.

Na si kila mtu anahitaji kukaza. Wapo ambao misuli imekakamaa: wanaumwa wakati wa tendo la ndoa, mkojo unaanza kwa shida, choo hakitoki chote. Kwao kukaza ni kuongeza tatizo. Wanahitaji kufundishwa kulegeza. Hili husahaulika sana katika video za mazoezi zinazosambaa.

Anayevuja huanza kupunguza maji ili asiaibike. Mkojo mzito hukichokoza kibofu, haja zinaongezeka, na kwa aliye na mwelekeo wa mawe hatari nayo inaongezeka. Kizazi kilichoshuka sana kinaweza kukunja mirija inayotoka kwenye figo, mkojo ukarudi nyuma na figo zikavimba. Si jambo la kila siku, lakini ni sababu ya kumpima figo mwenye kizazi kilichotokeza nje. Na tezi dume iliyoziba njia inaweza kufanya hivyohivyo kwa mwanamume anayedhani shida yake ni kukojoa polepole tu.

Pale yote matatu yanapokutana

Yanakutana kwenye mimba. Mjamzito huchuja damu kwa karibu nusu zaidi ya kawaida, kwa hiyo kreatinini yake inatakiwa kushuka. Jibu ambalo kwa mwanamke asiye mjamzito lingeitwa la kawaida, kwake linaweza kuwa dalili ya figo zinazoshindwa. Baada ya wiki ya 20 presha ikipanda na protini ikitokea kwenye mkojo, hofu ya kwanza ni hali inayotangulia kifafa cha mimba. Lupasi ya figo inaweza kuonekana vilevile kabisa, ilhali tiba ni tofauti: moja huisha kwa kuzalisha, nyingine inahitaji kutuliza kinga. Kinachomsaidia daktari ni kujua mkojo ulikuwaje mwanzo wa mimba.

Mwenye lupasi anaweza kuzaa salama, na anastahili kuambiwa hivyo. Ila apange. Ugonjwa uwe umetulia walau miezi 6. Maikofenoleti, mojawapo ya dawa nzito za kutuliza kinga, huharibu mtoto tumboni, kwa hiyo huachwa angalau wiki 6 kabla ya kushika mimba na kubadilishwa na azathiopurini. Dawa za presha za kundi la kaptoprili nazo huachwa. Haidroksiklorokwini huendelea, na kuiacha kwa hofu kumewaamshia wengi ugonjwa. Aspirini ya kiwango kidogo, ikianzwa mapema kwa ushauri wa daktari, hupunguza uwezekano wa ile hali inayotangulia kifafa cha mimba kwa walio hatarini.

Baada ya kujifungua, protini iliyoletwa na mimba inatakiwa iwe imekwisha ndani ya miezi 3. Ikibaki, figo zichunguzwe kwa haki yake, kwa sababu aliyepata hali hiyo ana hatari zaidi ya ugonjwa wa figo na presha miaka ya mbele. Na kama baada ya miezi hiyohiyo bado unavuja unapombeba mtoto, omba kupelekwa kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Ukiambiwa ni kawaida ya waliozaa, uliza tena.